Kitabu Kinasema Yuko Ndani

Niseme mapema, na nalisema nikiwa na hasira: haya yalitokea. Sikusimuliwa na mtu, sikuota, na pombe sijawahi kuonja. Yalinipata mimi mwenyewe, kwenye geti la nyuma la mtaa wetu huku upande wa Theta, jua likiwa halijamaliza kuzama. Majirani wanasema nimechanganyikiwa. Wameniondoa hata kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, kundi nililoliunda kwa simu yangu. Sawa. Wewe nisikilize mpaka mwisho, kisha uamue nani amechanganyikiwa.

Hapa tunapoishi palikuwa shamba la kahawa. Waliokata ploti walipima kila kitu isipokuwa njia moja ya miguu, inayotoka kule mtoni, inapita katikati yetu na kutokea kwenye lami. Watu wa mtoni walikuwa wakiipita tangu siku za kahawa. Tulipojenga tuliwakuta wakipita, tukawa tunasalimiana nao asubuhi na jioni bila neno.

Kisha wezi wakatuingilia. Walianza na nguo kwenye kamba, wakaja kwenye mitungi ya gesi, na mwisho wakavunja jikoni kwangu nikiwa kanisani. Walinibebea hata sufuria iliyokuwa na githeri. Niambie, ni mwizi gani anaiba githeri? Nilikasirika mpaka nikashindwa kulala wiki nzima. Kwa hivyo mimi ndiye niliyesema tufunge mtaa kwa mageti mawili, moja kwenye lami na moja huku nyuma. Simsingizii mtu. Mwenyekiti wa mtaa alipiga makofi, mimi nikafanywa katibu, na kanuni nikaziandika kwa mkono wangu.

Kanuni yenyewe ilikuwa hii. Mgeni akiingia, anaacha kitambulisho kwa askari wa geti, anaandikwa kwenye kitabu, saa ya kuingia. Akitoka, anarudi geti lile lile, anapewa kitambulisho chake, na kisanduku cha saa ya kutoka kinajazwa. Umeona kosa liko wapi? Sisi hatukuliona. Mtu wa mtoni haji kututembelea, anapita tu. Anaingia kwa nyuma na kutoka kwa mbele, na askari wa mbele haandiki mtu ambaye kitambulisho chake kiko nyuma. Kitambulisho chake kinabaki nyuma kwenye droo siku nzima huku yeye yuko Ruiru au Thika, na kitabu kinasema yuko ndani.

Watu wa mtoni walilalamika, tukawaambia wazunguke. Njia ya kuzunguka inapitia kwenye machimbo ya mawe, karibu saa nzima kwa miguu. Wengi walikubali kwa kununa. Aliyebaki kupita kwetu ni Cucu Nyambura peke yake, bibi wa miaka sabini na kitu. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na miguu yake haikuweza machimbo. Aliwahi kuchuma kahawa pale pale ilipo sebule yangu, na aliniambia hivyo bila kinyongo, kama mtu anayekuonyesha alipozaliwa. Kitambulisho alikiita kipande, kama wazee wengi wa huku. Kila Jumanne ya kliniki alikifungua kutoka kwenye kitambaa, akampa askari wetu Wafula kwa mikono miwili, kisha akapita.

Sasa ije Jumanne yenyewe. Saa saba mchana nasikia hodi. Ni Cucu, ametoka hospitalini na kurudi, anahema. Wamemwambia bila kitambulisho hawawezi kumhudumia, akilete kabla daktari hajaondoka. Na Wafula saa hiyo yuko chakulani mpaka saa nane, kibanda chake chenye ile droo kimefungwa.

"Mama Shiko," akaniambia, "nipe tu kipande changu. Ni mimi niko hapo kwa picha."

Ufunguo wa kibanda nilikuwa nao. Ulikuwa umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, nyuma ya ule mlango niliokuwa nimeushika. Lakini asubuhi hiyo nilikuwa nimegombana na jirani aliyetaka shemeji yake apite bila kuandikwa, na kichwa kilikuwa bado kina moto. Nikamwambia Cucu kanuni ni kanuni, vitambulisho vinatolewa na askari, angoje saa nane.

"Saa nane daktari ataenda."

"Cucu, nikikufungulia wewe, kesho nitafungulia Theta nzima."

Hakubishana. Laiti angebishana. Aliniangalia, akafunga kitambaa chake kitupu, akashika njia kuelekea geti la mbele, pole pole, na sweta yake ya kijani. Nilimwona kwa macho yangu akipinda kona ya kwenda lami. Nikafunga mlango, nikaendelea kupika.

Hakurudi kwao siku hiyo. Kesho yake mwanawe Njoroge akaja geti la nyuma kumuulizia. Wafula akafungua kitabu: Nyambura, ameingia saa moja na nusu asubuhi, kutoka hakuna, kitambulisho kiko kwenye droo. Basi yuko ndani. Njoroge na ndugu zake wakaingia kumtafuta, nyumba kwa nyumba, kwenye mitaro, kwenye matangi ya maji, kwenye zile nyumba ambazo hazijaezekwa. Walifika hata kwangu. Njoroge akaniuliza kama nimemwona mama yake, nikamwambia sijamwona.

Ndiyo, nilisema hivyo. Unadhani sijajiuliza kwa nini? Niliona aibu. Nilijua nikisema alikuja kwangu, swali la pili litakuwa nilimfanyia nini. Nikajiambia ni mtu mzima, atakuwa amelala kwa ndugu. Na mwenyekiti akasimama hapo kifua mbele, akisema kitabu chetu hakikosei, kama hakuandikwa ametoka basi hakutoka.

Alhamisi jioni, saa kumi na mbili na nusu, Wafula akaondoka na mimi nikaenda kufunga geti la nyuma, kama kawaida. Mwanga ulikuwepo wa kutosha kusoma maandishi kwenye kufuli. Kutoka kibandani hadi nyumba ya kwanza, njia ile imebanwa na kuta mbili ndefu, hakuna mlango wala mti. Nilipofika hakukuwa na mtu. Nikainama kushika kufuli, nikasikia mtu anahema nyuma yangu.

Alikuwa Cucu. Amesimama kando ya kibanda, upande wa ndani, sweta yake ya kijani, kitambaa mkononi. Mguu mmoja una kiatu cha plastiki na mwingine hauna. Nilikiona kile kisigino kimepasuka, na vumbi jekundu limeingia kwenye mipasuko. Niamini, sikuogopa hata kidogo. Kwa nini niogope? Nilimjua. Kilichonipanda ni hasira. Siku mbili mtaa umepekuliwa, siku mbili mimi nimebeba uongo tumboni, kumbe bibi yuko humu humu amejificha.

Nikamfokea. Nikamuuliza alikuwa wapi, nikamuuliza kama anajua mwanawe ameingia kwenye mitaro ya maji taka kwa ajili yake, nikamwambia ametuaibisha. Alingoja nimalize, kisha akasema kwa sauti ile ile ya Jumanne:

"Nipe kipande changu, Mama Shiko, niandike nimetoka. Nataka kwenda."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ufunguo wa kibanda ulikuwa mfukoni mwangu, na wa geti ulikuwa mkononi. Droo ilikuwa hatua tatu. Lakini nilitaka mtu amwone. Nilitaka Njoroge na mwenyekiti waje wamkute kwa macho yao, ili mambo ya Jumanne yaishe bila mimi kuulizwa. Nikamwambia, "Leo hutoki. Kipande utapewa kesho mbele ya mtoto wako." Nikageuka, nikabana kufuli, nikavuta kuhakikisha limeshika.

Nilipogeuka tena, hakuwepo. Nilitazama njia yote kati ya zile kuta mbili, mpaka kule inakoishia. Haikuwa na mtu. Hata kijana wa mbio asingeimaliza kwa muda wa kubana kufuli, sembuse bibi mwenye kiatu kimoja. Hapo ndipo mwili uliponisisimka. Lakini hasira ni kitu kibaya, inakufanya mjinga. Nikajiambia ameruka ukuta pahali. Nikatoa simu nikaandika kwenye kundi: Cucu Nyambura ameonekana ndani ya mtaa, nimeongea naye mwenyewe.

Kwa ajili ya maneno yale, Njoroge na ndugu zake walipekua mtaa wetu tena Ijumaa nzima. Hawakwenda kwingine. Na kwingine ndiko alikokuwa.

Jumanne ile, alipotoka kwangu, Cucu alijaribu kurudi hospitalini bila kitambulisho. Alianguka kando ya lami kabla ya saa nane. Watu wema walimbeba, lakini alikata roho njiani. Hakuwa na karatasi yoyote yenye jina lake, kwa hivyo alilazwa mochari kama mtu asiyejulikana, siku nne, mwanawe akichungulia matangi yetu. Jumamosi mtu mmoja aliyekuwa pale barabarani aliitaja sweta ya kijani kwa shangazi yake Njoroge, sokoni. Ndivyo walivyompata. Walipewa nguo zake na kiatu kimoja.

Basi nilikuwa nimeongea na nani Alhamisi?

Njoroge alikuja Jumatatu kuchukua kitambulisho, kwa sababu bila hicho hawangeweza kumaliza karatasi za kifo. Wafula alimpa bila kufungua kitabu. Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Nikamweleza yote, ya Jumanne na ya Alhamisi, mbele ya mwenyekiti. Hakunipigia kelele. Ningeshukuru kama angenipiga kofi.

"Hiyo Jumanne," akaniuliza, "ufunguo ulikuwa wapi?"

"Kwa msumari. Nyuma ya mlango."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kwa mlango."

Akaweka kitambulisho kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo, akaondoka. Hakupita mtaani. Alizunguka kwa machimbo.

Kitambulisho kilienda kwa chifu pamoja na zile karatasi nyingine, na hakirudi. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kila aliyekufa, utaratibu unaujua. Lakini jioni ya siku ya mazishi nilienda kufunga geti, na Cucu alikuwa amesimama pale pale, kiatu kimoja. "Nipe kipande changu niandike nimetoka." Nilipiga magoti kwenye kokoto. Nikamwambia kimechukuliwa, nikamwambia geti hili hapa, nenda Cucu, nisamehe, nenda. Nikalifungua mpaka mwisho. Hakusogea. Mtu huyu alitii kanuni yangu akiwa hai, miguu ikimuuma, mwezi baada ya mwezi. Unafikiri ataivunja sasa?

Nimejaza kile kisanduku cha saa ya kutoka kwa mkono wangu. Nimekijaza mara nne, kwa kalamu ya wino, Wafula akiwa shahidi, na kila asubuhi tunakikuta kitupu, karatasi safi kabisa. Wafula aliacha kazi. Alisema yeye ni mtu wa kanisa na ana watoto huko kwao Bungoma, hawezi kulinda geti ambalo mtu wa ndani hatoki.

Nikaomba mkutano. Nikasema tung'oe geti la nyuma, turudishe njia ya watu. Unajua mwenyekiti alijibu nini? Alisema tangu tuweke mageti hakuna hata mtungi mmoja ulioibwa. Na ni kweli! Hilo ndilo linaloniuma roho. Mitungi yote iko. Watu wakapiga makofi kama walivyonipigia mimi siku ile, kisha wakaleta geti jipya la chuma, zito, halina hata tundu la kuchungulia. Jioni hiyo hiyo wakanitoa kwenye kundi. Nawachukia kwa hilo, nasema wazi, lakini nikihesabu wa kuchukiwa mimi ndiye wa kwanza.

Kwa hivyo wewe unayetaka kufunga mtaa wako, funga. Wezi wapo, mimi pia waliniibia. Lakini kabla hujaweka mkono kupokea kitambulisho cha bibi wa watu, jiulize atakipata kwa nani wewe ukiwa na hasira. Na usiku kabla hujabana kufuli, fungua kile kitabu, usome jina moja moja, na kila ambaye kisanduku chake ni kitupu, nenda ukamtafute. Mtafute kwa miguu yako.

Mimi siwezi kuhama. Kila jioni saa kumi na mbili na nusu nafungua geti lile, naliacha wazi, na majirani wananitukana kutoka kwenye madirisha. Yeye anasimama kando ya kibanda, amenyoosha mikono yote miwili, akingoja nimpe kitu ambacho sina.