Gemu Mbili za Kaka

Hapana, gemu hizo hazifanani, hata kama zote mbili unacheza mtu mmoja na bunduki yake. Mpaka leo, vumbi likipata moto nyuma ya kompyuta nikasikia ile harufu, narudi kwenye duka la mjomba la kuchapa barua, Nyegezi, nabishana na kaka.

"Ile ya zamani ya kitoto," alisema. "Maadui wanakuja wamejipanga kama ng'ombe wanaenda mnadani."

"Lakini si unawaona? Hii mpya imezidi sauti tu. Giza tupu, ramani hakuna, unasikia mtu anahema mgongoni kwako."

"Ndiyo utamu wenyewe huo, mdogo wangu."

Ubaya wa hiyo mpya niliuona jioni hiyohiyo. Mama alituletea chakula, akapiga hodi mara tatu. Kaka, aliyekuwa anaitikia hodi hata ya mtoto mdogo, aliendelea kubonyeza tu. Mama akainama, akamgusa bega kwa nyuma. Kaka akarusha kiwiko bila kugeuka, kikampata mama mdomoni. Bakuli la dagaa likaanguka.

"Usinijie kwa nyuma," alisema taratibu, macho bado kwenye kioo.

Mama alifuta damu kwa kanga. Njiani kurudi nyumbani akaniambia, "Mjomba wako asijue."

Nilishaamua kwamba asubuhi, kabla kaka hajaamka, nitakwenda kwa mjomba nimwambie yote, aifute hiyo mpya kwenye kompyuta ya duka. Ile ya zamani aiache.