Shikamoo Iliyobaki Ghalani

Mume wangu alikuwa na adabu kupita kiasi, na mpaka leo ninamkasirikia kwa adabu hiyo.

Tulipata kibarua pamoja cha kusafisha ghala la zamani karibu na reli, upande wa kuelekea bandarini. Ndani mlikuwa na dawa za kuulia wadudu zilizosahaulika miaka mingi, mifuko imepasuka, unga umetanda sakafuni. Ulinuka kama vitunguu saumu vilivyooza. Kazi yetu ilikuwa kuuchota na kuufungia kwenye mapipa.

Mkufunzi alitupa ovaroli nyeupe, glavu, na barakoa za mpira zenye vichujio viwili mashavuni. Alituambia unga ukiwa hewani hauonekani, kwa hiyo mtu asivue barakoa mpaka atoke nje ya utepe mwekundu na kunawa. Mume wangu alinyoa ndevu siku hiyo hiyo ili mpira ubane vizuri usoni. Nilimcheka sana, kidevu kilikuwa kama cha mtoto. Nalisema hili ili ijulikane kwamba hakuwa mzembe.

Kisha akaja mzee. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza ghala enzi hizo, na aliitwa atueleze nini kiliwekwa wapi. Alisimama nje ya utepe. Mume wangu akamwamkia kutoka mlangoni, sauti ikaishia ndani ya mpira.

"Siku hizi vijana mnawaamkia wakubwa mmeziba midomo?" mzee akauliza, na watu wote wakacheka.

Ulikuwa utani tu. Lakini mume wangu alikulia milimani Kasulu, ambako salamu si neno moja. Kesho yake mzee alipofika, mume wangu aliishusha barakoa hadi kidevuni.

"Shikamoo, mzee. Mwakeye?" Baada ya salamu hiyo ya Kiha akauliza ya nyumbani, akauliza ya mvua. Nyuma yake wenzetu walikuwa wanafagia.

"Wewe Muha wewe, utakuja kufa kwa shikamoo!" nilimwambia tukirudi nyumbani Buzebazeba.

"Heshima si utumwa, mama."

"Si umpungie mkono tu!"

"Nimpungie mzee mkono kama naita bodaboda?"

Tulicheka wote wawili. Kicheko kile ndicho kinachonirudia, kuliko hata kikohozi chake. Nilimgombeza kila siku, na kila asubuhi aliishusha tena, mpaka kazi ikaisha.

Alianza kukohoa ghala likiwa tayari tupu. Hospitali hawakuniambia ni ghala, wala hawakuniambia si ghala. Walimvisha barakoa ya oksijeni, nikakaa kando ya kitanda nikiisikiliza ikipumua kwa niaba yake. Mimi nikimwita, haitiki. Siku mzee alipokuja kumjulia hali, mume wangu alifumbua macho, akainua mkono, akaivuta ile barakoa.

"Shikamoo..."

Nilipiga kelele. Mzee alimfikia kabla yangu. Aliirudisha barakoa kwa mikono miwili, akaishikilia pale usoni, na hakuitikia. Naamini aliogopa kwamba akiitikia, salamu ingeendelea, ya nyumbani, ya mvua. Mume wangu alimkazia macho, akisubiri. Hakuzungumza tena, na siku hiyo hiyo tukampoteza.

Sasa nauza dagaa sokoni Mwanga. Ghala limepakwa rangi mpya, na nikipita pale nabana pumzi bila kujijua. Mzee hupita mbele ya meza yangu akienda kununua mboga. Mimi simwamkii. Hasira yangu kwake haijaisha, naye anajua, wala hajawahi kunilaumu.

Lakini kila akipita lazima asimame. Hunitazama juu kidogo ya bega langu, pale ambapo mtu wa kimo cha mume wangu angekuwa amesimama. Huvua kofia yake, na taratibu, bila mtu yeyote kumsalimia, husema, "Marahaba, mwanangu."