Ripoti Safi ya Chumba cha Watoto

Katika ofisi niliyofanyia kazi, ripoti ilianza kwa rangi. Kabla hatujajua watu walisema nini, mkubwa wetu alikuwa ameshauliza kama bluu ya chati inalingana na bluu ya nembo iliyo mlangoni. Tulimwita Shefu, kama wakubwa wengi wa ofisi wanavyoitwa hapa Gisenyi. Alikulia Uganda, akarudi na tai nyingi na imani kwamba jambo ambalo halijachorewa chati ya mviringo bado halijatokea.

Mimi nilitoka kwenye redio ndogo, nilikozoea kumfuata mtu hadi alipo na kumuuliza. Shefu aliniajiri niandike sentensi chini ya chati. Sentensi fupi, alisisitiza, maana wafadhili hawasomi. Alilisema hilo bila huzuni yoyote, kama mtu anayekueleza kwamba ng'ombe hali nyama.

Shirika letu lilikuwa na chumba kimoja cha maana. Kilikuwa karibu na petite barrière, ule mpaka mdogo wanakopita watu kwa miguu kwenda Goma, upande wa Kongo, na kurudi. Wanawake wanaobeba mboga, maziwa na viatu vya mitumba waliwaacha watoto wao pale asubuhi, wakavuka, wakauza, wakarudi kuwachukua. Wengine walikiita creche, wengine irerero. Kwetu kwenye karatasi kilikuwa na jina refu la Kiingereza ambalo walezi wenyewe hawakuwahi kulitamka. Fedha za chumba hicho zilikuwa zinakaribia kwisha, na mfadhili aliyekuwa Kigali alitaka kujua jambo moja tu kabla ya kuongeza nyingine: je, watu wanakihitaji?

Kutoka ofisini kwetu hadi kwenye chumba hicho ni safari fupi ya moto, kama tunavyoziita pikipiki za abiria. Mtu angepanda asubuhi, akasimama mlangoni, akatazama wanawake wakishusha watoto migongoni, akarudi kazini chai yake ikiwa bado ya moto. Shefu aliona njia hiyo si ya kisasa. Akaamua tutengeneze dodoso la mtandaoni.

Dodoso lilitumwa kwenye vikundi vya simu: wafanyabiashara wa mpakani, wahudumu wa hoteli za kando ya ziwa, watumishi wa serikali, wanafunzi wa chuo. Majibu yalipoanza kuingia, Shefu aliagiza runinga kubwa itundikwe ofisini ili ukurasa wa matokeo uonekane ukibadilika wenyewe. Alikaa mbele yake kama watu wanavyokaa mbele ya mpira. Jibu likiingia alisema "tena". Dirisha lililokuwa nyuma ya runinga lilitazama ziwa, kwa hiyo ziwa lilizibwa.

Kisha akaanza kuirekebisha ripoti. Mviringo ukawa nguzo, nguzo zikarudi kuwa mviringo. Swali ambalo majibu yake hayakupendeza machoni lilifichwa. Asubuhi moja nzima iliishia kwenye mjadala wa kama vipande vya mviringo vishikane au viachane kidogo. Shefu alitaka viachane, ili, alisema, ripoti ipate pumzi. Mhasibu wetu, mwanamke mtulivu aliyekuja tu kuomba sahihi, aliulizwa maoni yake kuhusu rangi ya chungwa. Akasema ni nzuri. Basi jibu la "ndiyo, ninakihitaji chumba" likawa rangi ya chungwa, na "hapana" likawa bluu ya nembo.

Kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kichujio. Ni sehemu ya ukurasa ambapo unachagua majibu ya watu gani yaonekane. Hakifuti majibu ya wengine, kinayafunika tu, na ukikiondoa yanarudi yote. Siku moja Shefu alichagua namba za simu za Rwanda peke yake na kuacha nje za Kongo. Mbele ya macho yangu rangi ya chungwa ilinywea hadi ikabaki kama kipande cha keki alichokatiwa mtu asiyealikwa.

Ni lazima nieleze hapa jambo ambalo hakuna mtu wa Gisenyi anayehitaji kuelezwa. Sisi tuna laini mbili. Ya Rwanda ni ya fedha, au makuta kama wanavyosema Goma, ya familia na ya serikali. Ya Kongo ni ya Goma: wateja, shangazi, kanisa la zamani, na kikundi ambamo wanawake wa mpakani hupashana habari ya bei na ya foleni. Dodoso letu liliwafikia wanawake wale katika kikundi hicho hicho, wakalijaza kwa laini hiyo hiyo, wengi wakiwa wameketi upande wa pili wakingoja wateja. Kuziondoa namba za Kongo kulikuwa sawa na kuuliza wavuvi wa Nyamyumba maoni yao halafu kumwondoa kila aliyejibu akiwa majini.

Nilimwambia Shefu hivyo. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama daktari.

"Data lazima iwe safi," alisema. "Mradi ni wa Rwanda. Wageni hatuwahesabu."

Alipokuwa akisema hivyo simu yake ya pili iliita mezani. Ilikuwa ile ya Kongo, maana mke wake anatoka Goma na wakwe hawamwachi apumue. Akaipokea, akaongea kwa upole mwingi kuhusu harusi ya mtu, akakata, akanigeukia tena na kuendelea na habari ya wageni.

Baada ya usafi huo walibaki watu wa mapokezi hotelini, watumishi wa ofisi na wanafunzi. Waliulizwa kama wanahitaji mahali pa kumwacha mtoto wakati wa kuvuka mpaka na mzigo kichwani. Walijibu hapana, na walisema kweli. Nikaandika chini ya chati: "Wengi wa waliobaki baada ya kuchuja hawakihitaji chumba." Shefu alikata maneno "waliobaki baada ya kuchuja", akaweka "wakazi" mahali pake, kwa sababu sentensi ilikuwa ndefu.

Ripoti ikasambazwa. Kulikuwa na kiungo chenye neno la siri, na nakala ya kuchapwa kwa wale waliosahau neno la siri, ambao walikuwa wote. Ruhusa ilikuwa ya kutazama tu, kusiwe na mtu wa kuichokonoa. Kutoka Kigali mfadhili alijibu kwa shukrani, akasema atakuja kwenye kikao cha kuwarudishia wananchi matokeo, na kwamba, kwa jinsi alivyoona mviringo, fedha za chumba zitahamishiwa shughuli nyingine. Shefu alikuwa na shughuli nyingine tayari. Ilikuwa mafunzo ya kutengeneza chati.

Kesho yake nilipanda moto nikaenda mpakani.

Mlangoni pa chumba nilimkuta mama mmoja ambaye kila mtu anamwita Mama Mapasa, kama anavyoitwa kwetu mwanamke yeyote aliyezaa mapacha. Huchukua karoti na vitunguu vinavyoshuka kutoka Kanzenze, huvipanga kwenye beseni, huvivusha Goma. Mapacha wake walikuwa hawajaanza kutembea. Mgongo ni mmoja na kichwa ni kwa ajili ya beseni, kwa hiyo kabla ya chumba kufunguliwa alikuwa akivuka na mmoja na kumwacha mwingine kwa jirani, leo huyu, kesho yule. Jirani alihama. Kama chumba kitafungwa, alinieleza, atakaa nyumbani, na mumewe ambaye hakumtaja kwa wema sana atapata sababu mpya ya kusema.

Nilimuuliza kama alijibu maswali yetu kwenye simu. Alijibu, tena alibonyeza ndiyo kwa kidole kizima. Kwa laini gani?

"Ya Congo. Njo iko na mega ya internet. Ile ya huku ni ya kupokeleaka makuta tu." Akanitazama. "Ju ya nini, banasema tulijibu mubaya?"

Nilimwambia hakujibu vibaya, ila ripoti haimwonyeshi. Nikamtajia siku ya kikao na hoteli kitakapofanyika, nikamwambia kimetangazwa kwamba ni cha wananchi wote. Alifikiri kidogo, akauliza kama kutakuwa na mahali pa kuweka watoto.

Hapakuwepo. Siku hiyo chumba chenyewe kilifungwa, kwa sababu walezi wake walialikwa kikaoni kusikia kwamba hawahitajiki. Basi Mama Mapasa aliingia kwenye ukumbi wa hoteli akiwa na pacha mmoja mgongoni na mwingine kiunoni, akaketi nyuma karibu na mlango pamoja na wenzake wachache wa mpakani. Mbele kulikuwa na mgeni wa Kigali, mwanamke mwenye miwani na daftari, viongozi kadhaa, na chupa za maji zilizopangwa vizuri kuliko ripoti. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kompyuta na kubonyeza Shefu akisema "endelea".

Aliongea kwa Kinyarwanda na Kiswahili, akivichanganya kama tunavyofanya sote. Alieleza rangi. Alieleza kwa nini vipande vimeachana. Alipofika kwenye mviringo wa chumba cha watoto alinyamaza kwanza, kama mtu anayeachia umati nafasi ya kushangaa, kisha akasema wakazi wamezungumza.

Mama Mapasa alisimama. Pacha wa mgongoni alikuwa amelala, wa kiunoni alikuwa anakula mfuniko wa chupa.

"Pardon, Shefu. Mi niko wapi pale?"

Shefu alitabasamu. Akamwambia mviringo ni watu wote, kwa hiyo na yeye yumo.

"Hapana. Mi nilisema ndiyo. Na hawa bamama bote balisema ndiyo." Akaonyesha kwa kidevu, maana mikono haikuwa na nafasi. "Ile kipande kidogo ya chungwa haitutoshe. Hata batoto yangu habataingia mule."

Watu walicheka, na mgeni wa Kigali akainua kichwa kutoka kwenye daftari. Akamuuliza Shefu ni akina nani waliohesabiwa. Shefu alieleza habari ya namba za simu bila aibu hata kidogo. Kwa kweli alieleza kwa fahari, kama fundi anayekuonyesha msingi wa nyumba. Namba za Kongo, alisema, zimeondolewa kwa ajili ya usafi wa data. Huenda mama huyu alijibu kama mgeni.

Kompyuta ilikuwa mbele yangu. Nikaondoa kichujio.

Mviringo ulijigeuza taratibu, kama ulivyopangwa kufanya ili upendeze. Rangi ya chungwa ikafura, ikaimeza bluu, ikaiachia pembe nyembamba. Pacha wa kiunoni aliendelea kutafuna mfuniko wake.

"Rudisha," Shefu alisema kwa sauti ya chini. "Hao ni wageni."

Sikurudisha. Nilifungua orodha ya yale majibu yaliyokuwa yamefunikwa. La kwanza kabisa lilikuwa la siku dodoso lilipotengenezwa, kabla halijatumwa kwa mtu yeyote, na mahali pa maoni palikuwa na sentensi moja.

"Mgeni wa kwanza," nikasema, "ameandika hivi: Hapa ni Shefu, najaribu."

Alikuwa amejaribu kwa ile simu ya wakwe. Alikuwa amejichuja mwenyewe pamoja na wanawake wote wa mpaka, akajiita mgeni katika mji anamolipa kodi ya nyumba, na katika muda wote aliotazama runinga yake hakuwa ameliona hilo, kwa sababu alikuwa anatazama rangi.

Kutoka nyuma sauti ya mwanamke mmoja ilisema taratibu, kwa adabu kabisa, "Karibu Rwanda, Shefu."

Hapo ukumbi ulikwisha kwa kicheko. Hata viongozi walijificha nyuma ya chupa za maji. Mgeni wa Kigali alingoja kicheko kipite, akasema anataka ripoti hiyo atumiwe tena bila kichujio, na kwamba fedha za chumba zitabaki zilipo. Akaongeza kuwa kesho asubuhi, kabla ya kurudi Kigali, angependa kukiona chumba chenyewe. Shefu akajibu kwamba hilo ndilo alilokuwa anakwenda kupendekeza.

Ningependa kusema alijifunza. Kabla ya wiki kwisha aliwatumia watu wote barua pepe iliyosema kwamba uwazi wa takwimu ndio uliokiokoa chumba, na ilisomeka kama vile uwazi huo aliuzaa yeye kwa uchungu mwingi. Mviringo mpya ulichapwa kwenye karatasi kubwa, ukafunikwa kwa plastiki, ukawekewa nembo, na akaagiza utundikwe ndani ya chumba cha watoto, mbele ya wasomaji ambao mkubwa wao alikuwa hajaota meno yote. Mimi ndiye niliyetumwa kuupeleka, na msumari na nyundo.

Nilipokuwa nagonga, Mama Mapasa aliingia na mapacha. Alimkabidhi mlezi mmoja, kisha wa pili, akajinyoosha mgongo uliokuwa mtupu. Nje beseni la karoti lilikuwa linamngoja. Akaja akasimama karibu nami, akautazama ukuta.

Nikamwambia sasa na yeye yumo mle kwenye chungwa.

Hakuuangalia mviringo. Aliuvuta msumari kwa vidole viwili kuona kama umeshika, akavua begani mfuko wenye uji na nguo za watoto, akautundika pale juu ya ripoti, ukaifunika karibu yote.

"Hii musumari iko muzuri," alisema, akatoka kwenda kuvuka.