Fundi Vitasa na Ndege wa Matete

Fundi vitasa alikuwa na tabia moja iliyokuja kumponza: ufunguo ukimharibikia, hautupi. Tupa ikila jino kupita kiasi, alikuwa akiuchomeka kwenye waya uliotundikwa juu ya jiliwa lake la kubania vyuma, uwe unamkumbusha asiharakishe mkono. Miaka kumi na sita hiyo, mpaka waya ukawa unalia upepo ukipita. Basi nyumba ya muuza dawa ilipoibiwa bila mlango kuvunjwa, askari walikwenda moja kwa moja kibandani kwake, na majirani waliojazana nje wakaona funguo za milango yao zimening'inia kama samaki. Zikajaribiwa zote, mmoja mmoja. Haukufungua hata mmoja, maana zote zilikuwa mbovu, na siku ya tatu askari wakamwachia. Mtaa ndio haukumwachia.

Kinyozi wa jirani alihamishia benchi lake upande wa pili wa njia. Dada yake, aliyekuwa akiishi na mama yao, hakumtukana. Alibadilisha kitasa tu. Akamwomba asifike nyumbani mpaka maneno yapoe, mama ana presha, ameambiwa kaka amesafiri kikazi.

Miezi minne ikapita na maneno yakawa bado ya moto. Fundi alitoka kila asubuhi na mkoba wake wa vifaa, kana kwamba kuna aliyemwita, akapita madukani macho chini, miguu ikamfikisha nyuma ya kiwanda cha matofali. Huko mashimo ya udongo yalikuwa yamejaa maji na matete, na watu hawana shughuli nako. Akikaa, ananyanyuka. Akinyanyuka, anazunguka maji, anarudi palepale. Kitu kimoja tu kilimtuliza: ndege dume mmoja wa manjano, aliyekuwa akisuka kiota kwenye ncha ya tete. Alisuka siku mbili, akaning'inia kichwa chini akipiga mabawa, jike akaja, akaingiza kichwa, akavuta unyasi mmoja, akaondoka zake. Dume akakifumua chote na kuanza upya kwenye tete lilelile. Mara ya kwanza fundi alicheka. Mara ya tatu hakucheka. Ndege akiwa kazini, vidole vyake fundi vilitulia. Akiruka tu, miguu inaanza tena.

Ndipo siku moja mchana akamwona dada yake anakuja, viatu mkononi, tope mpaka kwenye mashavu ya miguu. Akanyanyuka.

"Mama?"

"Mzima. Yuko ndani, hawezi kutoka. Kitasa kimegoma, ufunguo umekatikia humo. Mafundi wawili wameshindwa."

"Kile kipya?"

"Ndiyo hicho. Usinisimange, kaka."

Hakumsimanga. Alikuwa ameshashika mkoba.

Nje ya mlango watu walikuwa wamejaa, na kinyozi yuko mbele, kitana bado sikioni. Fundi akapiga goti. Alichungulia mara moja tu akajua: kitasa rahisi, waya uliopindwa utakimaliza kabla mtu hajapiga chafya. Hapo ndipo mkono ulipomgandia, kwa sababu nyuma yake kinyozi alikuwa akiwaambia wenzake wasimame vizuri, leo wataona kwa macho yao jinsi mlango unavyofunguliwa bila ufunguo. Akifungua upesi, amejishtaki mwenyewe. Akijitia kushindwa, mama analala kifungoni. Akatoa waya, akaurudisha, akatoa tupa isiyohitajika, akaanza kuifuta.

Sauti ikatoka ndani, karibu kabisa na mbao.

"Safari imeishaje?"

Fundi akamtazama dada yake, dada akatazama chini.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza," mama akasema. "Dirishani huku kuna midomo mingi. Sasa unangoja nini? Hukuwahi kufanya kazi polepole ili watu wakupende. Fungua."

Akaingiza waya. Kitasa kikalia mara moja, mlango ukafunguka. Kinyozi akacheka kidogo, akasema hata dakika haikufika.

Mama akatokea na mkongojo wake, akamtazama kinyozi juu mpaka chini.

"Huyu amenitoa. Wewe umesimama hapa tangu asubuhi, umenifanyia nini?"

Mmoja akacheka, na safari hii hakuchekwa fundi. Kinyozi akakumbuka ana mteja. Wengine wakaondoka wakinong'ona vilevile, maana midomo haina kitasa.

Fundi alikuwa ameshaanza kukusanya vifaa, hatulii, jicho liko njiani. Mama akamuuliza anakimbilia wapi. Akajibu, kwa aibu kidogo, kwamba kuna ndege amemwacha na kiota nusu.

"Nipeleke nikamwone."

Walikuwa wameshafika njiani dada alipowafuata na kile kitasa kibovu mkononi. Alimuuliza kaka yake kama kesho atakuja kuweka kingine. Akajibu atakuja.

"Uchonge funguo tatu," dada akasema, akarudi ndani haraka.

Mama alikwenda kwa mwendo wake wa mkongojo. Fundi alitangulia, akarudi, akatangulia tena, akichungulia matete kwa mbali, asije akakuta kimeshafumuliwa.