Sufuria ya Longino Mutayoba

Longino Mutayoba alikuwa na sharti moja maishani, na alilishika kuliko wengi wanavyozishika amri za kanisani: hali chakula cha mtu mwingine. Si kwamba alikuwa na ugonjwa wa tumbo. Alikuwa karani wa bohari katika kinu kimoja cha pamba mjini Mwanza, mwanamume wa miaka thelathini na miwili mwenye afya na meno yote. Lakini mwaka ule wa sabini na mbili kila ukuta ulihubiri kujitegemea, na Longino, ambaye jioni alifundisha kisomo cha watu wazima pale Mabatini, aliamua kwamba somo hilo lilimhusu yeye binafsi, kuanzia mdomoni. Anayekula cha mwenzake, aliwaambia wanafunzi wake, ni kupe. Akina mama waliokuja darasani na mihogo ya kuchemsha wagawane walizoea kuifunika kwa kanga akiingia.

Sharti hilo lilikuwa na faida nyingine ambayo hakuifundisha darasani. Kwa kuwa hakula kwa mtu, hakuna aliyethubutu kuja kula kwake. Chumba chake hakikuwa na kiti cha pili.

Ila alikuwa na Odeta. Odeta alifundisha darasa la pili katika shule moja huko Mirongo, na kwao ni kisiwa cha Ukara, ng'ambo ya Ukerewe. Walikuwa wamekwisha kukubaliana. Lililobaki lilikuwa moja: baba yake, Mzee Josephat, alitaka kumwona mchumba kwa macho yake kabla ya kutamka ndiyo au hapana. Odeta akampangia mambo yote. Apande meli hadi Nansio, wiki ya kwanza ya mwezi wa saba, mama atakapokuwa tayari. Aende na mshenga, Mzee Nkwabi, mpima pamba wa pale kinuni. Achukue sukari na sabuni.

"Na ukiwekewa chakula, ule," akamwambia. "Hata kama umeshiba, ule."

Longino alisema amesikia. Kusikia, alisikia kweli.

Akaondoka wiki mbili kabla, peke yake, kwa njia ya nchi kavu. Aliona kwamba mwanamume anayesindikizwa na mshenga anaazima mdomo wa mwingine, na kwamba mkwe angemheshimu zaidi akimwona ametembea mwenyewe na mzigo wake mgongoni. Alinunua shanta kuukuu ya turubai kwa askari mstaafu, akaijaza unga, dagaa, chumvi, blanketi na vijitabu vya siasa. Nyuma akafunga sufuria. Mzee Nkwabi alimkuta uani akiijaribu, ameinama kama mtu anayetafuta sindano.

"Bwana Longino, unakwenda kuoa au unakwenda vitani?"

"Nakwenda kujitambulisha, mzee."

"Na hiyo sufuria?"

"Nitajipikia."

"Kwa wakwe," akasema Mzee Nkwabi, na wala hakuwa anauliza. Alirudi kwenye mizani yake mabega yakitikisika.

Hadi Bunda Longino alipanda basi, maana nauli alilipa mwenyewe. Kutoka pale alitembea siku mbili kuelekea Kisorya. Lori la pamba lilisimama kumchukua. Akamshukuru dereva na kumweleza ubaya wa vitu vya bure mpaka dereva akatia gia. Karibu na Kibara wanawake waliokuwa wakipalilia walimkaribisha viazi vya kuchoma. Nao akawaeleza. Walimsikiliza kwa adabu, kisha mmoja akauliza kama huyu baba ametoroka hospitali.

Usiku alipika ugali kando ya njia, na upepo wa ziwa ukamtawanyia moto, hivi kwamba nusu ya ugali huo ilikuwa uji na nusu unga. Aliula wote. Malengelenge yalimpasuka visiginoni, na kila alipochechemea alijisikia mtu bora zaidi. Alivuka kwa mtumbwi kwenda Ukerewe, akaikata Ukerewe kwa miguu mpaka Bugolora, akavuka tena. Siku ya sita akashuka Bwisya, kisiwani Ukara, amekonda, ana ndevu, na ameridhika sana na nafsi yake.

Nyumbani kwa Mzee Josephat hakuna aliyemtarajia. Hata hivyo walimpokea kama watu. Mzee alimwekea kiti, akamuuliza habari za njiani, habari za Odeta, habari za wazazi wake huko Bukoba. Mama Odeta aliitwa Paskazia. Aliingia jikoni, na baada ya muda akaleta maji ya kunawa, ugali wa muhogo, na sato mzima katika mchuzi. Samaki huyo alikuwa wa chakula chao cha siku hiyo, na hapakuwa na mwingine.

Longino hakunyoosha mikono kwenye maji.

"Asante mama. Mimi nimebeba changu."

Hakuwa mjinga. Kwao Bukoba mgeni hupewa buni za kutafuna, na anayezikataa huwa amemwambia mwenyeji kwamba anamshuku sumu. Longino alilijua hilo tangu utoto, na alijua kwamba Ukara pia wanalijua. Lakini alikuwa amesafiri siku sita na sharti lake, na alijiona hawezi kulitupa mlangoni. Akaeleza. Alieleza kupe ni nani, na nchi inatarajia nini kwa vijana. Mzee Josephat, ambaye maisha yake yote alifuga ng'ombe ndani ya nyumba, akimkatia majani na kubeba mbolea kichwani hadi shambani kwa sababu kisiwa kile hakina hata kipande cha ardhi cha kuchezea, alisikiliza habari za kujitegemea hadi mwisho.

"Sawa," akasema. "Jipikie."

Longino akazunguka nyuma ya nyumba. Chini ya mwamba palikuwa na rundo la kuni kavu, zimepangwa vizuri. Akachukua mzigo, akawasha. Moto ulikuwa mzuri, wa kwanza mzuri tangu Bunda, akauongezea, akauongezea tena. Katika Ukara kila mti una mwenyewe, na kila tawi linaloanguka lina mwenyewe. Watu hupikia mabua. Kuni zile Paskazia alizikusanya kijiti kwa kijiti tangu barua ya Odeta ilipofika, miezi minne, ili siku ya kumpokea mshenga apike chakula cha watu wengi.

Mama huyo alipotoka nje alisimama akitazama moto. Longino alikuwa akikoroga.

"Hizo umezitoa wapi, baba?"

"Zilikuwa zimelala tu hapo, mama."

"Zilikuwa zimelala kwa sababu nilizilaza."

Longino akaelewa, na uso ukamwiva. Akatia mkono mfukoni, akasema atazilipia. Paskazia akageuka, akaingia ndani, na baadaye Longino alikubali kwamba hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Mzee Josephat alimngoja ale. Hakumharakisha. Alipomaliza kusugua sufuria kwa mchanga, mzee alimwonyesha njia ya kwenda ufukweni.

"Hukula samaki wetu, ukala kuni zetu," akasema kwa upole. "Mtu asiyekula kwangu, mwanangu atampikia nini?"

Longino alirudi kwa meli kutoka Nansio. Barua ya mzee, iliyobebwa na wavuvi wa kisiwani, ilimtangulia. Odeta alimsubiri nje ya lango la kinu, akauliza jambo moja tu, kama ni kweli kuhusu kuni za mama. Longino akaanza kueleza kuhusu sharti.

"Tonge moja," akasema Odeta. "Nilikuomba tonge moja." Akaenda zake.

Mwaka uliofuata aliolewa na fundi baiskeli wa Nansio, ambaye kwa Paskazia, wanasema, aliomba kuongezewa mchuzi. Longino yuko Mabatini bado. Kisomo anafundisha, sharti analo, na sufuria ni ile ile. Sharti hilo lilimkosesha Odeta, na hajapata mchumba mwingine.