Wameandika eti mume wangu alinifukuza

Jamani, leo nimesomewa habari zangu mwenyewe hapa Mkata.

Kuna dada wa shirika la afya ya akina mama alikuja kwangu. Nilimpikia bada, ugali wetu wa muhogo, akala, nikamweleza nilivyokuwa navuja mkojo baada ya kumzaa Saumu, mpaka nikafanyiwa upasuaji nikapona. Nilitaka wenzangu wasijifiche.

Leo wameitoa mtandaoni. Uso wamenificha, sawa. Ila mlango wangu unaonekana, na wameandika mume wangu alinifukuza!

Baba Saumu? Aliyekuwa anafua mashuka yangu kabla majirani hawajaamka?

Nikampigia yule dada. Anacheka: "Mama, tumeongezea kidogo tu. Habari isiyo na mume mbaya watu hawaisomi."

Kumbe baba Saumu ameshaonyeshwa kijiweni kwenye kahawa. Amerudi, amekaa, ananiuliza taratibu: "Mama Saumu, ndivyo ulivyowaambia?"

Nimemwapia.

Sasa naandika kwa jina langu, mimi Mama Saumu: hakunifukuza. Mlioisoma ile, mkikutana naye leo mwambieni mmesoma na hii.