Shenete ya Donat

Bwana yangu Donat alikuwa muntu ya kusema kidogo. Alitengeneza mashini ya treni miaka makumi tatu, na mu nyumba hakupandisha sauti hata siku moja. Mimi Mumba njo nilikuwa na kinywa. Hapa Naviundu bote banajua.

Nilikuwa nanunua aluminium ya zamani, napeleka kwa bale banayeyusha, banatoa masufuria, nauzisha. Mu kikwembe yangu, nguo ya kujifunga, mulikuwa aimant, ile jiwe ya kuvuta chuma. Nilitoa mu radio ya kufa. Muntu akileta kintu, naigusisha. Ikikamata, iko chuma, arudi nayo kwake. Hakuna muntu alinidanganya.

Siku tulitimiza miaka makumi mbili na tano ya ndoa, Donat aliita bantu: ndugu yangu Rigobert, bibi yake, ba jirani. Mbele ya bukari, ugali yetu, akafungua kitambaa, akatoa shenete, mukufu ya shingo, akanivalisha.

"Mumba, hii iko argent. Feza ya kweli. Nilileta kutoka Ndola."

Ilibaki niseme tu aksanti. Lakini Rigobert akacheka: "Dada, pima! Masufuria ya bantu yote unapimaka, ya bwana yako utaacha?"

Nikatoa aimant, nikaipeleka ku shingo. Ikaruka, ikakamata pale nyuma, panafungwa. Tak!

"Ah, shemeki!" Rigobert akapiga mikono. "Bibi yako umemufunga na musumari?"

Bote bakacheka.

"Iko argent," Donat akasema.

"Iko chuma," nikasema. "Donat, bongo, kunidanganya mbele ya bantu?"

Nikaivua, nikaitupa mu sahani yake, juu ya bukari. Akaipanguza na kidole, akaitia mu mufuko, akamaliza kula. Mimi nilikuwa na furaha. Naandika vile ilikuwa.

Alipoingia retrete, kazi ya treni ikaisha, akaenda kulima kwao Lukafu. Mimi nikabaki. Juu ya biashara, njo vile niliambia bantu. Alikuwa anarudi mara mbili ku mwaka na mufuko ya mahindi. Mara moja, wakati ya mvua, Séphora, mutoto ya binti yetu, alikuwa angali ku mugongo, Donat akakaa ku kiti yake, akatia mukono mu mufuko ya koti.

"Mumba, lete ile aimant yako. Nataka nikuonyeshe kintu."

Nilijua ni kintu gani.

"Bongo moja haikukutosha, muzee?"

Mukono ikabaki mu mufuko. Kisha akaitoa, bila kintu. Akakunywa chai, akauliza kama malata ya nyumba inavuja.

Hatukusema tena juu ya shenete. Miaka kumi na saba.

Mwezi ya pili bandugu yake ya Lukafu balileta koti yake na kopo moja. Yeye balikuwa bamekwisha kumuzika. Mvua ilikata barabara, sikufika. Mu kopo mulikuwa shenete, nyeusi kama chini ya sufuria, imefungwa na uzi, na kakaratasi ya kukunja.

Séphora, mujukuu yangu, anaolewa mwezi ya nane. "Nkambo, niivae siku ya ndoa?" akaniuliza.

"Hutavaa bongo mu kanisa."

"Basi tupime." Séphora iko na kichwa ya nguvu kama yangu. Akanunua barafu ya mu sashe ya plastiki, akaweka kipande moja juu ya shenete, ingine juu ya kijiko yangu ya chuma. "Argent inayeyushaka barafu mbio."

Ile ya kijiko ilikaa. Ile ya shenete ikazama kama sukari mu chai.

"Barafu haijue kintu," nikasema. "Lete aimant."

Nikaipitisha mimi mwenyewe, kapete kwa kapete, mpaka mwisho. Haikukamata. Nikarudilia. Haikukamata.

Séphora akafungua kakaratasi. Ndani mulikuwa kale kantu ka kufungia, kamekatwa na pinsi, koleo ya fundi. Aimant ikaruka. Tak!

"Iko na kachuma ndani, nkambo, ya kurudisha kaulimi ka kufungia. Shenete zote ziko vile, hata za zahabu."

Siku ile ya bukari sikupima fasi ingine ya shenete. Pale panafungwa tu. Na Donat, fundi ya mashini, alitafuta mpaka akaona. Akakata, akafunga na uzi, akapanda kamiyo, lori ya mizigo, kutoka Lukafu anionyeshe.

Nikapigia Rigobert simu. "Ile shenete ilikuwa argent."

"Shenete gani, dada?"

Alisahau. Bote balicheka, bote balisahau. Donat peke yake njo alikumbuka.

Séphora alitaka kutia kantu ka kufungia ka mupya. Nikakataa. Atavaa na uzi ya nkambo yake Donat, na muntu akiuliza, atasema ni nani aliitia, na juu ya nini.

Mimi kesho napanda kamiyo ya Lukafu, naenda ku kaburi ya Donat. Nabeba aimant. Alisema niilete.